Ampli ya zamani, bafle mpya: kwa nini sauti inachoma masikio

Kungali nyumba mu Goma, Bukavu, Uvira ao Butembo zenye ampli ya miaka ya 1970 ao 1980 ingali inafanya kazi: Pioneer, Sansui, Philips ao Grundig, nzito kama jiwe la kusagia. Mara nyingi bafle zake ndizo zilitangulia kufa. Familia inanunua bafle mpya, nyembamba, zenye twita ya chuma. Siku ya kwanza kila mtu anafurahi juu sauti iko wazi. Kisha siku chache mama anaanza kuomba wapunguze. Herufi s za mwimbaji zinapiga filimbi, gitaa la solo linakata kama wembe, na kisha nusu saa kichwa kinauma. Hapo mtu anasema: ampli imezeeka, uzeni. Inauzwa kwa bei ya bure, na kwa nyumba yenye iliinunua inaimba vizuri bila shida.

Mbele ya kuuza, na mbele ya kufungua kitu chochote kwa tournevis, inafaa kusikiliza sauti inachoma wakati gani. Ikichoma tu volume ikiwa juu, ampli inakosa nguvu. Ikichoma hata volume ikiwa chini, shida inaweza kuwa bafle, chumba, ao marekebisho ya ndani ya ampli. Ikichoma upande mmoja tu, ampli izimwe, kisha nyaya za bafle zibadilishwe nyuma yake: ya kushoto iende kuume, ya kuume iende kushoto. Kasoro ikihamia kwa bafle ingine, mgonjwa ni ampli ao chombo chenye kuiletea muziki. Ikibaki palepale, ni bafle ao waya wake.

Ugonjwa wa kukosa nguvu ndio wenye kueleweka vibaya zaidi. Bafle nyingi kubwa za zamani, ukizipa wati moja, zilikuwa zinatoa desibeli 90 ao zaidi kwa umbali wa mita moja. Bafle nyingi ndogo za leo zinatoa 84 mpaka 87. Kila desibeli 3 zenye kupungua zinaomba wati mara mbili. Basi kutoka 92 mpaka 86, ampli inaombwa wati mara nne kwa sauti ileile. Ampli ya wati 30 haina pa kuzitoa. Inafika mwisho wake, na vilele vya mawimbi ya sauti vinakatwa, vinakuwa bapa. Wimbi lenye kukatwa hivyo linazaa sauti nyingi nyembamba zenye hazikuwa mu wimbo, na zile zinapita moja kwa moja kwa twita. Ndiyo makali yenye masikio yanasikia.

Ndiyo pia sababu ampli ndogo inaweza kuunguza twita ya bafle kubwa. Wengi wanawaza kinyume: bafle imeandikwa wati 200, ampli ni wati 30, basi hakuna hatari. Lakini zile wati 200 ni za bafle nzima, na sehemu kubwa inaenda kwa wufa. Twita peke yake inabeba wati chache tu.

Mu mashariki ya Congo kuko jambo lingine la kuongeza hapo: umeme wa jioni. Ampli nyingi za wakati ule hazishikilii volti za hatua yake ya nguvu. Umeme wa ukuta ukishuka, nazo zinashuka, na wati zinapungua haraka kuliko volti. Mahali pa 220 kukibaki 160, ampli ya wati 40 inabaki na karibu wati 21. Wimbo wenye uliimba vizuri saa sita ya usiku unaweza kuchoma saa moja ya jioni, wakati kila nyumba inapika, na kifungo cha volume hakuna aliyekigusa. Multimetri ya bei ndogo inaonyesha jambo hilo kwa dakika moja. Stabilizateri yenye kutosha wati za ampli inasaidia. Wenye kutumia batri na onduleri ya bei ya chini wafanye jaribio lingine: wasimamishe muziki, waweke sikio karibu na twita. Kukisikika mlio wa nyuki, chanzo kinaweza kuwa umeme wa ile onduleri, wala si uzee wa ampli.

Wati zenye kuandikwa kwa karatasi nazo hazisemi yote. NAD 3020, yenye ilitoka mu 1978, iliandikwa wati 20 tu kila upande. Lakini ilijulikana kwa kusukuma bafle ngumu, na ilikuwa na swichi ya kulainisha kule kukatwa kwa vilele. Jambo la kutazama ni maandishi ya nyuma ya ampli juu ya omu. Ikiandikwa omu 8 mpaka 16, bafle za omu 4 zinaichosha na kuipasha moto. Na mwenye kubonyeza A na B pamoja ili apige bafle nne ajue kwamba, kwa ampli nyingi, bafle mbili za omu 8 upande mmoja zinakuwa omu 4, na mbili za omu 4 zinakuwa 2.

Kuko dawa zenye hazina bei. Kifungo cha LOUDNESS kilitengenezewa kusikiliza kwa sauti ndogo: kinaongeza besi, na kwa ampli nyingi kinaongeza pia sauti nyembamba. Volume ikipanda, kizimwe. TREBLE ishushwe kidogo chini ya katikati. Si aibu, ndiyo kazi yake. Ekolaiza ya simu irudishwe sawa. Tena, sehemu ya AUX ya ampli nyingi za zamani ilingojea karibu volti 0,15 ao 0,2, lakini kisoma CD kinaleta mpaka volti 2, na ampli zingine zinachafuka toka mlangoni. Kwa simu, volume yake ipunguzwe. Kwa CD, fundi anaweza kuweka rezistansi mbili mu waya. Simu isichomekwe kamwe kwa PHONO: pale ni pa sindano ya sahani, yenye kutoa sehemu ndogo sana ya volti.

Kisha bafle zenyewe. Zigeuzwe kidogo ili twita isielekee masikio moja kwa moja, juu sauti nyembamba inakwenda mbele kama mwanga wa tochi. Chumba cha sima, vigae, vioo na mabati bila plafo kinarudisha kila kitu. Kitenge chepesi kwa ukuta hakifanyi kitu kikubwa. Rido nzito yenye mikunjo, viti vya sponji ao matela yenye kusimamishwa nyuma ya wasikilizaji vinabadilisha chumba.

Hata studio kubwa zilipata shida hii. Bafle ya Yamaha NS-10M, ya mwaka 1978, ilikuwa na twita kali hata mafundi wa sauti wakaanza kuifunika na karatasi laini ya choo. Baadaye kampuni ilitoa aina ya studio yenye twita ya kutulia zaidi.

Kuko njia safi kuliko karatasi. Bafle zenye vichomeo vinne nyuma zina vibati viwili vyenye kuunganisha sehemu ya chini na ya juu. Ampli ikiwa imezimwa, waya zake ziunganishwe kwa vichomeo vya wufa, kisha kibati cha upande wa + kitolewe na mahali pake pawekwe rezistansi ya omu 1 mpaka 2,2, yenye kubeba wati 10. Kwa twita ya omu 8, inapungua karibu desibeli 1 mpaka 2. Inaonekana kidogo, lakini masikio yanapumzika. Hakuna kitu kimekatwa, na siku ya kuuza bafle kibati kinarudishwa. Twita za piezo, zenye kuko mu bafle nyingi za baa na makanisa, haziitikii rezistansi kwa namna hiyo. Hizo ni za kumwachia fundi.

Ikiwa sauti inakwaruza volume ikiwa chini kabisa, na inasafika kidogo ikipanda, hapo ampli yenyewe ndiyo inashukiwa: mkondo wa kupumzika wa transista zake umeshuka. Unarekebishwa na vifungo vidogo vya ndani, kwa kupima volti zenye kutajwa mu kitabu cha ufundi cha ampli ile. Fundi mwenye kuvizungusha kwa kusikiliza tu anaweza kuchoma transista zote. Na kondansateri kubwa za ndani zinabaki na umeme hata kisha kuchomoa waya. Mtoto asifungue kifuniko.

Twita yenye ilikwisha kuungua haiponi kwa dawa yoyote ya hizi. Zibadilishwe mbili, kushoto na kuume, za aina moja, kisha kutafuta sababu iliyoiunguza ile ya kwanza.