Dini za Wachache katika Katiba za Pakistani na Bangladeshi

Ulinzi wa dini za wachache katika nchi hizi mbili, zilizokuwa dola moja hadi 1971, uliahidiwa mapema katika mapatano ya Delhi ya tarehe 8 Aprili 1950, ambamo mawaziri wakuu Jawaharlal Nehru wa India na Liaquat Ali Khan wa Pakistani waliahidiana kuwapa raia wa dini zilizo chache haki sawa na amani ya nafsi, mali na heshima. Katiba ya Pakistani ya 1973 yaufanya Uislamu dini ya dola na kumtaka rais awe Mwislamu. Hata hivyo ibara ya 20 yamruhusu kila raia, kwa mujibu wa sheria, kushika na kueneza dini yake, na ya 36 yaiamuru dola kuhifadhi haki za wachache. Ahadi hizo, kwa hakika, zilidhoofika mwaka 1974, pale Bunge lilipowatoa Waahmadiya, jumuiya inayojihesabu kuwa ya Kiislamu, katika hesabu ya Waislamu bila ya ridhaa yao.

Bangladeshi ilianza 1972 kwa katiba isiyofungamana na dini. Msingi huo ukaondolewa 1977, Uislamu ukawa dini ya dola 1988, na marekebisho ya 2011 yakaurejesha msingi ule pasina kuiondoa dini ya dola, yakiwahakikishia Wahindu, Wabudha na Wakristo hadhi sawa.