Historia ya Nyumba za Vyama vya Wanafunzi Marekani

Katika vyuo vikuu vya Marekani viko vyama vya wanafunzi vitajwavyo kwa herufi mbili tatu za Kiyunani, vya wavulana vikiitwa fratenati na vya wasichana sororiti, ambavyo huwalisha wanachama wao yamini, huwaita ndugu ama dada, na aghalabu huwaweka chini ya paa moja katika majumba makubwa yaliyo kando ya chuo au ndani ya ardhi yake hasa. Juu ya nyumba hizo zimewekwa kanuni nyingi mno: ni nani mwenye haki ya kulala humo na ni wangapi, mlezi wao ni nani, mlango wa kukimbilia moto uwe wapi, kileo kiingie au kisiingie, na mgeni atoke saa ngapi. Azisomaye leo, zikiwa zimepangwa vizuri katika kitabu cha chuo, huenda akadhani kuwa zilitungwa na wenye hekima waliokaa kitako wakayapima mambo kabla hayajatokea. Sivyo ilivyokuwa. Nyumba zilitangulia, kwa kuwa vyuo havikuwa na malazi ya kutosha, na kanuni zikafuata nyuma, nyingine baada ya ugomvi na nyingine baada ya maziko.

Vyama vyenyewe ni vikongwe kuliko nyumba zao. Cha kwanza kujipa herufi za Kiyunani, Phi Beta Kappa, kiliasisiwa tarehe 5 Desemba 1776 katika chuo cha William and Mary, Virginia, na shughuli yake ilikuwa elimu na mijadala. Ilhali udugu wa namna tuijuayo sasa watokana zaidi na Kappa Alpha Society, iliyoanzishwa mwaka 1825 katika chuo cha Union, mjini Schenectady, New York. Walimu waliwatazama vijana hao kwa wasiwasi, kwani chuo cha zama hizo kilijihesabu kuwa na daraja ya mzazi, na siri za faraghani ziliwatisha.

Ikhtilafu hiyo ilidhihirika hasa katika Chuo Kikuu cha Michigan, kilichoanza kufundisha mjini Ann Arbor mwaka 1841. Walimu wake walikuwa wamemkataza mwanafunzi kuingia chama chochote ambacho katiba yake haijaletwa mbele yao wakairidhia. Mwaka 1846, walipokuwa wakiwatafuta vijana waliofanya fujo usiku, upelelezi wao uliwafikisha msituni, kwenye kibanda cha magogo kilichojengwa na wanachama wa Chi Psi kwa ajili ya mikutano yao; na walimu walipotaka kuingia, wakazuiliwa. Kibanda hicho ndicho ambacho wengi hukihesabu kuwa nyumba ya kwanza ya chama cha wanafunzi nchini humo, na yafaa tukizingatie kwa makini, kwa sababu kila mzozo uliokuja baadaye umo ndani yake: nyumba ni mali ya wanafunzi, wanafunzi wako chini ya mamlaka ya chuo, basi mwenye amri mlangoni ni nani? Chuo kilijibu kwa ukali. Mwishoni mwa mwaka 1849 na mwanzoni mwa 1850 wanachama walioshikilia vyama vyao walifukuzwa, wenyeji wa mji wakakutana kuipinga hukumu hiyo, shauri likafika hata mbele ya baraza la kutunga sheria la jimbo, na hatimaye chuo kikalegeza kamba. Nionavyo mimi, chuo hakikushindwa kwa sababu ya udhaifu wa walimu wake, bali kwa kuwa kilitaka kutawala faragha ya vijana ambayo hakikuwa tayari kuigharimia.

Yaliyofuata yalilithibitisha jambo hilo. Henry Tappan, aliyeshika urais wa Michigan mwaka 1852, alivutiwa na mtindo wa vyuo vya Ujerumani, ambako mwanafunzi hujitafutia maskani yake mwenyewe. Akaona dakhalia ni hasara tupu, na vyumba vya kulala akavigeuza kuwa vya kusomea. Wanafunzi wakatawanyika mjini kutafuta vyumba vya kupanga. Wanawake walikubaliwa chuoni hapo tangu mwaka 1870, walakini dakhalia zao za kwanza hazikufunguliwa ila mwaka 1915, na katika pengo hilo la miaka mingi ndimo nyumba za vyama, vya kiume na vya kike, zilimostawi. Miongoni mwa waliofundisha chini ya Tappan alikuwa Andrew Dickson White, ambaye baadaye akawa rais wa kwanza wa Cornell, chuo kilichofunguliwa mjini Ithaca mwaka 1868. White, aliyekuwa mwanachama wa fratenati alipokuwa akisoma Yale, hakuvipiga vita vyama hivyo; alishikilia kuwa vijana waliokabidhiwa nyumba ya kutunza na jina la kuhifadhi hujifunza dhamana, na kwamba chuo nacho hupunguziwa mzigo wa kuwalaza. Vyama vikajenga, vingine juu ya ardhi ya chuo chenyewe, na hapo ndipo kanuni zilipopata mizizi ya kisheria, maana mwenye ardhi aweza kuandika katika hati ya ijara masharti ambayo mwalimu hawezi kuyalazimisha kwa hotuba.

Wako waliopendelea marufuku. Huko Purdue, Indiana, rais aliyeitwa Emerson White, asichanganywe na yule wa Cornell, alimtaka kila aingiaye chuoni atie sahihi kwamba hatajiunga na vyama hivyo. Kijana mmoja wa Sigma Chi akakataa, na mwaka 1882 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua kuwa chuo cha umma hakina haki ya kumfungia mtu mlango kwa ajili ya uanachama wake, ingawa chaweza kuudhibiti mwenendo wake akiisha kuingia. Rais alijiuzulu mwaka uliofuata. Mississippi nayo ilivipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1912, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaithibitisha mwaka 1915, na jimbo lenyewe likaifuta mwaka 1926.

Turudi Ithaca, kwa sababu huko, katika juma moja la Desemba 1906, yalitokea mambo mawili yaonyeshayo nyumba hizi zilikuwa na maana gani. Tarehe 4 wanafunzi Weusi wa Cornell waliasisi Alpha Phi Alpha, chama cha kwanza cha kudumu cha herufi za Kiyunani kwa wanafunzi wa asili ya Kiafrika. Baadhi yao walikuwa wakijipatia riziki kwa kutumikia katika nyumba za fratenati za weupe, ambamo wasingekubaliwa kulala kama wanachama. Alfajiri ya tarehe 7 nyumba ya Chi Psi iliteketea. Ilikuwa kasri iliyojengwa kwa ajili ya tajiri Jennie McGraw, aliyefariki mwaka 1881 kabla hajakaa ndani yake, na chama kiliinunua mwaka 1896. Walikufa wanafunzi 4 na wazima moto 3 wa kujitolea.

Kwa wanafunzi Weusi nyumba ya chama haikuwa anasa wala fakhari. Vyuo vingi vilivyowakubali darasani viliwakataa dakhaliani. Katika Chuo Kikuu cha Iowa hali hiyo ilidumu hata mwaka 1946, na ilibidi mwaka 1919 muungano wa vyama vya wanawake Weusi wa jimbo hilo ununue nyumba mjini Iowa City ili mabinti wasomao wapate pa kulaza ubavu. Huu ndio ukurasa wa historia hii uniumizao zaidi: kijana aliyelipa karo sawa na wenzake alipewa kitabu, akanyimwa kitanda. Kwa upande wa pili, katiba za vyama vingi vya weupe ziliandika waziwazi kuwa asiye mweupe, na mara nyingi asiye Mkristo, haingii. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wadhamini wa chuo cha Amherst waliamuru mwaka 1946 vifungu hivyo vifutwe, na tawi la Phi Kappa Psi chuoni humo lilipomkubali mwanafunzi Mweusi mwaka 1948, lilitengwa na chama chake cha taifa. Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kilikata mzizi mwaka 1953 kwa kukataza kabisa matawi kufungamana na vyama vya taifa. Katika kanuni zote zilizowahi kuandikwa juu ya nyumba hizi, hizo mbili naziona ndizo zenye heshima kuu.

Wasichana walikuwa na kanuni zao, nazo zilikuwa nzito kuliko za wavulana. Kila nyumba ya sororiti ilikaa na mama mlezi, milango ilifungwa kwa saa maalumu, na binti atokaye usiku aliandika jina lake katika daftari. Hayo ni masharti ambayo ndugu zao wa kiume hawakuwekewa, na ambayo yalianguka mwishoni mwa miaka ya 1960 baada ya mahakama na wanafunzi wenyewe kuikana daraja ya uzazi ya chuo. Ipo hekaya ivumayo katika kila mji wa chuo kwamba sheria ya kale huwakataza wanawake kadhaa kuishi pamoja, nyumba yao isije ikahesabiwa danguro. Haina ithibati yoyote.

Maafa nayo yaliendelea kuandika kanuni. Mwaka 1934 hewa ya sumu kutoka tanuri ya makaa iliwaua wanafunzi 9 usingizini katika nyumba ya Theta Chi huko Dartmouth. Mei 1996, siku ya mahafali, moto uliwaua wanafunzi 5 katika nyumba ya Phi Gamma Delta mjini Chapel Hill, North Carolina, na ndipo baraza la mji lilipoamuru nyumba zote za namna hiyo zitiwe mabomba ya kunyunyiza maji. Ufundi huo ulijulikana tangu karne ya 19.

Vyuo vingine vilichoka kungoja. Williams, huko Massachusetts, kiliamua mwaka 1962 kuwa chuo chenyewe kitawalaza na kuwalisha wanafunzi wake wote, na nyumba nyingi za fratenati zikapita mikononi mwake. Amherst ilivifuta vyama hivyo mwaka 1984. Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts kwa miaka mingi iliwaachia wanafunzi wapya wahamie katika nyumba za vyama tangu majuma yao ya kwanza, mpaka mmoja wao alipofariki kwa ulevi mwaka 1997. Mwaka uliofuata ilitangaza kuwa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atakaa katika dakhalia za chuo. Lakini amri hiyo haikutekelezwa ila mwaka 2002, ilipofunguliwa dakhalia mpya ya Simmons Hall, kwa sababu kabla ya hapo hapakuwa na nafasi ya kuwaweka wote.