Kalenda ya ukutani: Mwanafunzi wa dizaini anavyoweza kuuza bila kula hasara

Kalenda ni bidhaa inayoharibika kama nyanya. Desemba inagombaniwa, Februari hata kwa bei ya kutupa haiendi. Mwanafunzi wa dizaini anayetaka kuingiza bumu lake kwenye kazi hii aanze kwa kulijua hilo.

Achape ngapi?

Mashine ya ofseti inahitaji pleti, na gharama ya pleti ni ile ile kwa kopi 50 au 1,000. Ndiyo maana kopi zikiwa nyingi, bei ya kila moja inashuka. Mtego uko hapo: kopi 1,000 za bei rahisi ni mzigo tu kama wateja ni 80. Kwa kopi chache, mashine ya dijitali inafaa zaidi kwa sababu haina pleti.

Hesabu kwanza

Chukua mfano wa kopi 100, kila moja ikigharimu Sh6,000. Jumla ni Sh600,000. Akiuza Sh10,000 mkononi, pesa yake inarudi kwenye kopi ya 60. Akipitia duka linalobaki na Sh2,000 kwa kila kopi, inabidi auze 75 ndipo arudishe mtaji.

Njia salama ni kuonyesha sampuli mwezi Oktoba, kuchukua oda na malipo ya awali kwa simu, kisha kuchapa Novemba kulingana na oda.

Faili la kiwandani

Ukubwa wa A3 ni milimita 297 kwa 420. Kila upande uongezwe milimita 3 za kukatwa, la sivyo utabaki mstari mweupe pembeni. Rangi ziwe za mfumo wa CMYK, si RGB ya kwenye skrini, na picha ziwe na nukta 300 kwa inchi.

Karatasi ya kung'aa inapendeza, lakini haishiki wino wa kalamu vizuri. Watu huandika kwenye kalenda siku ya kikoba, ada na kliniki, hivyo sehemu ya tarehe ni bora isiwe ya kung'aa.

Tarehe zisikosewe

Kosa moja linaharibu mzigo mzima. Kwa Tanzania, zipo sikukuu zisizohama kama Mapinduzi (Januari 12), Karume (Aprili 7), Muungano (Aprili 26), Saba Saba, Nane Nane, Nyerere (Oktoba 14) na Uhuru (Desemba 9). Pasaka huhama kati ya Machi 22 na Aprili 25. Idd hutegemea mwezi kuandama, hivyo iandikwe kuwa inaweza kubadilika.

Kwa nini mtu anunue?

Kampuni nyingi hugawa kalenda bure. Ya mwanafunzi inahitaji kitu ambacho zile hazina: milango ya Zanzibar, ndege wa mtaani, mapishi ya msimu. Picha ziwe zake au za ruhusa. Za kuokota mtandaoni zina wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inawalinda.

Zikibaki, je? Dizaini ikiruhusu picha kukatwa ikaachana na tarehe, inaweza kuuzwa kama picha ya fremu. Hapo angalau Februari haiji na hasara tupu.