Bure, Huria na Leseni: Maneno Matatu katika Njia ya Tabora

Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji katika karne ya 19 haukuweza kupita Ugogo bila kutoa hongo. Wakati ule neno hilo halikuwa na aibu: lilikuwa ushuru wa njia, nguo au shanga alizotwaa mtemi kabla ya kuwaruhusu wapagazi kuteka maji na kuendelea hadi Tabora. Leo hongo ni rushwa, wala hakuna mfasiri awezaye kulirudisha katika maana yake ya kwanza. Tunalitaja kwa kuwa suala letu nalo ni la ruhusa na malipo: nani aweza kukichukua kitabu cha kisomo, akakibadili, akakipitisha kwa mwingine, na kwa masharti gani.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Tangu 1968 mradi wa majaribio wa UNESCO ulikuwa umeanza katika kanda ya Ziwa Viktoria, na vitabu vyake viliandikwa kufuata kazi ya msomaji: pamba, migomba, uvuvi. Wazo hilo lilikuwa jema. Lakini kitabu cha pamba kilichomfaa mkulima wa Usukuma kisingemfaa vivyo hivyo mkulima wa tumbaku wa Urambo, au mrina asali wa Sikonge, mpaka kiandikwe upya maneno yake, picha zake, hata hesabu zake za mizani. Kwa hiyo mwalimu wa watu wazima hahitaji kukipata kitabu tu. Ahitaji pia haki ya kukirekebisha.

Haki hiyo ndiyo kiini cha dhana iliyopewa jina lake katika kikao cha UNESCO mjini Paris mwaka 2002, na ambayo Mkutano Mkuu wa shirika hilo uliitolea Pendekezo mwaka 2019. Katika Kiswahili wako wanaoandika "vifaa vya bure". Tafsiri hiyo yapotosha. Andiko laweza kupatikana bila senti moja na bado mwenyewe akawa amezuia lisinakiliwe. Na andiko lenye ruhusa kamili laweza kuuzwa kwa gharama ya karatasi na wino. Bure yahusu bei, nayo huria yahusu matumizi. Sisi twapendelea "maandiko huria ya kufundishia". Neno lenyewe si geni, kwani Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Ni kweli kwamba "soko huria" limelitia neno hili harufu ya biashara, lakini nduguye, huru, alikuwa na uzito mwingine Tabora, ambako katika utawala wa Wajerumani watumwa walipewa hati za uhuru.

Neno lenye matatizo zaidi ni leseni. Mwananchi analijua kwa duka na gari. Akisikia "leseni huria" atauliza inalipiwa dirisha gani. "Kibali" nacho hudhaniwa kuwa barua ya kuombwa ofisini, ilhali ruhusa hii haiombwi: imekwisha kutolewa kwa wote. Tungechagua "ruhusa ya wazi", ingawa tunakiri kwamba leseni limekwisha kuzoeleka.

Wafasiri wasome masharti kwa uangalifu. Ruhusa za Creative Commons, zilizoanza kutolewa mwaka 2002, hazifanani. Zote sita zadai mtunzi atajwe. Baadhi zakataza biashara. Nyingine zadai toleo jipya litolewe kwa masharti yale yale. Mbili kati yake zakataza kusambaza andiko lililobadilishwa, na kutafsiri ni kubadilisha. Mfasiri aliyelitia andiko la namna hiyo katika Kiswahili na kuligawa madarasani amevunja sharti, hata kama hakutoza kitu. Hadithi za African Storybook, zilizoanza kutolewa mwaka 2014 na zenye matoleo ya Kiswahili, zaruhusu kutafsiriwa, ila nyingi ni za watoto, na mtu mzima hapendi kufundishwa kama mtoto.

Yafaa basi idara zichapazo vitabu vya kisomo, badala ya kuandika kwa mazoea "Haki zote zimehifadhiwa", ziandike waziwazi: Kitabu hiki chaweza kunakiliwa, kutafsiriwa na kurekebishwa na mtu yeyote, mradi amtaje mtunzi.