Hedhi na Mkono wa Kukanda

Mara nyingi tuzungumziapo utamaduni wa taifa, mawazo yetu hukimbilia ngoma, vinyago, mashairi na mavazi. Ni mara chache tukumbukapo kwamba utamaduni ni pia namna jamii inavyomtunza mtu wake anapoumwa, na maneno inayomwambia wakati huo. Hedhi ni jambo lihusulo nusu ya wanadamu, lakini historia zetu zimelipita kimya. Katika insha hii twakusudia kulitazama jambo hilo tukianzia kusini-magharibi mwa Tanzania, katika milima ya Mbinga na ufuko wa Ziwa Nyasa.

Nchi ya Wamatengo, ambamo Mbuji ni sehemu yake, ni nchi ya miteremko mikali. Katika karne ya 19 vita vya Wangoni viliwasonga watu wengi milimani, na kilimo cha ngoro kikawawezesha kuishi huko kwa wingi bila udongo wao kuchukuliwa na mvua. Katika kilimo hicho wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga katika miraba. Wanawake huzifukia kwa udongo, jembe baada ya jembe, mpaka mlima mzima uwe na mashimo na matuta. Kazi hiyo haimngoji mwenye maumivu ya tumbo. Huko chini ufukoni, Liuli na Mbamba Bay, yapo mashamba ya mihogo, maji ya kuteka, kuni za kutafuta na dagaa wa kuanika. Ni dhahiri basi kwamba afya ya hedhi si siri ya chumbani tu. Ni suala la kazi na la chakula.

Wazee wetu hawakuliacha jambo hili bila mafunzo. Wayao na Wamakua wa kusini walikuwa na unyago. Kaskazini mwa Ziwa Nyasa, desturi za Wanyakyusa za msichana aliyevunja ungo zilichunguzwa na Monica Wilson kati ya 1934 na 1938, na kitabu chake kikatoka mwaka 1957. Miongoni mwa Wabemba wa Zambia, Audrey Richards alishuhudia chisungu mwaka 1931. Unguja ilimfahamu Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, si kama mwimbaji wa taarabu tu, bali pia kama kungwi na mpiga ngoma ya unyago. Kwa hiyo msichana hakuachwa peke yake siku damu ilipomtokea. Alikuwapo somo wake wa kumfundisha usafi, adabu, na namna ya kufunga na kufua kitambaa.

Hata hivyo, tusiyapambe mambo ya kale kupita kiasi. Mafunzo hayo yaliambatana na miiko iliyomfanya mwanamke aonekane mwenye hatari kwa wengine siku zake zilipofika. Zaidi ya hayo, mara nyingi damu ya kwanza ilichukuliwa kuwa tangazo kwamba mtoto yu tayari kuolewa. Mwili ulipoanza tu kukua, utoto ulihesabiwa kuwa umekwisha.

Kisha zikaja misheni. Waanglikana walijenga makao yao kisiwani Likoma mwaka 1885, na Wabenediktini wakafika Peramiho mwaka 1898. Wamisionari wengi waliziona desturi hizi kuwa uchafu wa kuondolewa. Huko Masasi, Vincent Lucas, aliyekuwa askofu tangu 1926 hadi 1944, alishika njia nyingine: alijaribu kuzitia jando na unyago katika maisha ya Kanisa badala ya kuzifuta. Lakini mahali pengi somo alinyang'anywa kazi yake, na mwalimu wa shule hakukabidhiwa. Msichana akabaki katikati, akiwa na kitabu kisichomweleza mwili wake na bibi asiyeruhusiwa kusema.

Miongoni mwa maarifa yaliyodumu ni ya mkono. Nchini kwetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto, na aliyechoka hukandwa mgongo, kiuno na miguu. Siku hizi mijini twasikia habari za refleksolojia, yaani kubonyeza sehemu maalumu za nyayo ili kusaidia viungo vya ndani. Wako wadhanio kwamba ni elimu ya kale kabisa, lakini kwa sura yake ya sasa ilitoka Marekani. Daktari William Fitzgerald alitoa kitabu chake juu ya kanda za mwili mwaka 1917, na Eunice Ingham akachora ramani ya nyayo na kuchapisha kitabu mwaka 1938.

Je, hubonyezwa nyayo tumbo likapona? Sayansi haijathibitisha kwamba ipo njia itokayo kisiginoni hadi mfuko wa uzazi. Maumivu ya kawaida ya hedhi husababishwa na kemikali ziitwazo prostaglandini, zinazoufanya mfuko huo ujikaze. Majaribio kadhaa yameonyesha nafuu kwa waliokandwa miguu, ila mengi ni madogo, na nafuu hiyo yaweza kuwa ile ile ya kukandwa kokote kwa upole. Joto tumboni husaidia, na dawa kama ibuprofeni husaidia wengi. Kwa hiyo kukanda ni faraja halali, lakini si tiba ya kila kitu. Damu inayotoka zaidi ya siku 7, au maumivu yanayozidi mwaka hadi mwaka, yahitaji hospitali, kwani yaweza kuficha vivimbe au ugonjwa mwingine. Upungufu wa damu nao si jambo dogo: utafiti wa taifa wa 2015–16 uliwakuta nao wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Maharage ya Mbinga na dagaa wa Ziwa yana madini ya chuma, lakini hayawezi kumsaidia mwanamke iwapo hula mwisho, baada ya wengine kushiba.

Sheria nazo zimeingia katika historia hii. Sheria namba 23 ya mwaka 2002 iliitambua tiba asili na tiba mbadala. Kodi ya ongezeko la thamani juu ya taulo za kike, ambayo Kenya iliifuta mwaka 2004, iliondolewa kwetu mwaka 2018, ikarudishwa mwaka 2019 kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Mwaka huo huo wa 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha hukumu ya 2016 kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa vilikuwa kinyume cha Katiba. Hukumu hiyo ilikata kamba ya kale iliyofunga damu ya kwanza na ndoa.

Yatupasa basi kuchagua kwa busara. Tumrudishe somo, ila aje na maarifa ya leo, wala asije na habari za posa. Tuuhifadhi mkono wa kukanda, ila usimzuie mgonjwa njia ya hospitali. Shule iwe na maji, choo chenye mlango, na mwalimu asiyeona haya. Na mama wa Mbuji apewe siku zake za kupumzika, jembe la ngoro likashikwe na mwingine, kwani shamba ni la nyumba nzima.