Moshi wa jini, moshi wa sokoni: kompyuta ilijifunzaje kufuka moshi?

Kama ulikuwa mtazamaji wa filamu za Kibongo miaka ya mwanzo ya 2000, enzi za kanda za VHS na baadaye VCD zilizojaa Kariakoo, jini unamjua. Mussa Banzi alitutisha na Nsyuka na Shumileta, na wengine wakaifuata njia hiyo. Sasa jini wa sinema hatokei hivi hivi tu kama jirani anayeomba chumvi. Anahitaji moshi, cheche, mwali wa moto. Kwa mhariri wa picha mwenye kompyuta moja na msambazaji anayemsubiri, njia nyepesi ni kuchukua moshi uliorekodiwa tayari na kuubandika juu ya mwigizaji. Kasoro yake huionei aibu kuitaja: mwigizaji anapita katikati ya moshi, na moshi wenyewe haumjali. Haumpishi wala hautikisiki.

Kuufanya moshi wa kompyuta umpishe mtu ni kazi iliyochukua miongo kadhaa, na njia yake ilipita kwenye maabara ya mabomu.

Tuanze na 1982. Katika filamu ya Star Trek II kuna sayari kavu inayowaka na kugeuka kuwa yenye uhai, na ukuta wa moto unaizunguka. William Reeves, aliyekuwa idara ya kompyuta ya Lucasfilm, aliuunda moto ule kwa chembechembe. Kila chembe huzaliwa, hupewa kasi, rangi na umri, huruka, huanguka kwa mvutano wa sayari, kisha hufa. Hakuna kingine. Katika fremu nzito zaidi kulikuwa na chembe zaidi ya 750,000, na makala yake ya 1983 ndiyo iliyowafundisha wengine. Kuzichora kulikuwa rahisi kwa sababu kila chembe ilihesabiwa kama nukta ya mwanga: zikipishana, mwanga unajumlishwa tu, basi. Kwa cheche na fataki inatosha kabisa. Kwa moshi haitoshi, kwa kuwa chembe za Reeves hazikujuana. Hakukuwa na hewa kati yao. Moshi halisi haujiendeshi, unabebwa na hewa, na hewa ikisukumwa hapa lazima itokee pale.

Milinganyo ya mwendo wa hewa na maji ilikuwepo tangu zamani. Navier, Mfaransa, aliiandika 1822, na Stokes wa Uingereza akaiweka sawa 1845. Shida ilikuwa kuikokotoa. Waliolisukuma jambo hilo mbele walikuwa Los Alamos, Marekani, mahali pale pale palipoundwa bomu la atomiki. Francis Harlow na wenzake waligawanya nafasi kuwa visanduku vidogo, kila kisanduku kikashika kasi na mgandamizo wake. Mwaka 1965 yeye na Welch walitoa njia ambayo, juu ya visanduku hivyo, inamwaga chembe zisizo na uzito, alama tupu, zinazobebwa na mkondo ili kuonyesha maji yamefika wapi. Hapo ndipo chembe ilipopata upepo wa kuipeleka. Watu wa grafiki walichelewa mno: Foster na Metaxas waliileta kwenye picha za kompyuta 1996, zaidi ya miaka 30 baadaye!

Lakini ilikuwa na sharti gumu, na hapa naomba tukae kidogo, maana ndiyo roho ya historia hii.

Fikiria daladala ambayo konda wake amekatazwa kuruka kituo hata kimoja. Ndivyo zilivyokuwa hesabu hizi. Katika hatua moja ya muda, hewa haikuruhusiwa kuvuka zaidi ya kisanduku kimoja. Sharti hilo lilijulikana tangu 1928, kwa Courant, Friedrichs na Lewy. Ukilivunja, makosa madogo yanazaa makubwa, namba zinapanda, na moshi unalipuka kwenye skrini. Kwa hiyo upepo ukiwa mkali unalazimika kukata muda vipande vidogo sana, na fremu moja ya filamu, yaani sehemu ya 24 ya sekunde, inakula hatua nyingi. Mhandisi anavumilia. Msanii anayetaka kujaribu mara 40 kabla ya chakula cha mchana hawezi.

Mwaka 1999 Jos Stam aligeuza swali. Badala ya kuuliza mzigo huu unaelekea wapi, simama kwenye kisanduku na uulize: kilichofika hapa sasa hivi kimetoka wapi? Ni kama kusimama kona ya Msimbazi na Uhuru na kumuuliza kila anayepita ametokea wapi, badala ya kumfuata kila mtu tangu alipotoka nyumbani. Unarudi nyuma kwa kufuata mkondo, unaangalia nini kilikuwepo kule, unachukua wastani wa visanduku vya jirani, unauleta hapa. Kwa kuwa wastani hauwezi kuzidi kikubwa kilichokuwepo, namba haziwezi kulipuka. Ruka vituo vitano ukitaka, hesabu haivunjiki. Watabiri wa hali ya hewa walikuwa wakirudi nyuma hivyo tayari. Stam aliiunganisha na hatua nyingine zilizo imara vilevile, na 2003 akaonyesha kwamba kiini cha programu kinaingia katika mistari 100 hivi ya lugha ya C.

Bei ya wepesi huo ni ukweli. Wastani juu ya wastani, hatua baada ya hatua, unafuta vile vimbunga vidogo vinavyoupa moshi sura yake. Moshi unakuwa mzito, unateleza kama uji. Stam hakuficha: alisema wazi kwamba njia yake ni ya kupendeza macho, siyo ya wahandisi. Mwaka 2001 yeye, Fedkiw na Jensen walikuja na dawa: tafuta mahali vimbunga vinapofifia, visukume kidogo virudi. Ni uongo juu ya uongo, lakini jicho likaridhika. Mwaka 2008 Stam na wenzake walipewa tuzo ya ufundi ya Oscar kwa programu ya Maya iliyotokana na kazi hiyo. Kwa maoni yangu ilistahili, kwani kuchagua kosa la kubaki nalo nako ni sayansi.

Faida yake inatufikia mpaka huku. Blender, programu ya bure, ilipata maji 2005, na tangu 2020 inatumia Mantaflow kwa maji na moshi pia. Kijana aliyenunua laptopu ya mtumba Kariakoo anaweza kumfukizia jini wake moshi unaompisha. Ila asiwe na tamaa. Gridi ya visanduku 128 kila upande ina visanduku 2,097,152. Ukiongeza iwe 256, vinakuwa 16,777,216, mara 8. Kwa namba sita tu kwa kila kisanduku (kasi tatu, moshi, joto, mgandamizo) tayari umemeza megabaiti kama 400 za kumbukumbu, na hujaanza kuchora mwanga unavyopenya.

Usiku wa Julai 10, 2021, Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Jengo lile lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975, lenye paa la miavuli ya zege na sehemu ya chini ya ardhi, karibu kila mtu mjini analijua. Kwenye jengo la namna hiyo swali la moshi ni jingine kabisa: baada ya dakika ngapi utashuka hadi usawa wa kichwa cha mtu? Ngazi ipi itajaa kwanza?

Muulize jini wa Blender, atakujibu, tena jibu litapendeza. Usimwamini. Milinganyo ni ile ile ya Navier na Stokes, lakini vimbunga vyake vimesukumwa kwa mkono na wastani wake umekula joto njiani. Wanaokokotoa moto wa majengo wana programu nyingine, Fire Dynamics Simulator, iliyotolewa 2000 na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST. Hiyo inaheshimu sharti la 1928: upepo ukizidi, inafupisha hatua yenyewe. Matokeo yake yamelinganishwa na mioto halisi iliyowashwa maabara. Picha zake siyo nzuri sana, na hakuna atakayezipa tuzo ya filamu. Nayo ni ya bure. Ile laptopu ya mtumba inaweza kuiendesha, polepole, kituo kwa kituo.