Lugha na Riziki: Elimu ya India kutoka kwa Guru hadi Chuo cha Ufundi

Neno karani limezoeleka mno katika Kiswahili, hata ni wachache wanaoushuku uenyeji wake. Hata hivyo, Wabengali nao humwita mwandishi wa ofisini kerani, na udugu wa maneno haya mawili si wa kubahatisha. Reli ya Uganda ilipojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901, pamoja na maelfu ya vibarua waliovushwa bahari kutoka India walikuja pia makarani waliojua kuandika Kiingereza na kutunza hesabu. Watu hao walikuwa zao la historia ndefu ya elimu. Makala haya yanakusudia kuipitia historia hiyo kwa ufupi, na kuonyesha kwamba katika kila zama swali lililowakabili Wahindi lilikuwa lile lile: ni lugha gani inayompa mtu riziki, na ni nani anayeruhusiwa kujifunza lugha hiyo?

Hapo kale mwanafunzi wa Kibrahmini aliishi nyumbani kwa guru wake. Alimtumikia, akachota maji na kukusanya kuni, huku akihifadhi Veda kwa moyo na kujifunza sarufi ya Kisanskriti, ile iliyopangwa na Panini kwa ustadi unaowastaajabisha wanaisimu hadi leo. Ada haikudaiwa mwanzoni. Mwanafunzi alitoa zawadi yake baada ya kuhitimu. Katika dini ya Kibuddha, chuo cha Nalanda, kilichoanzishwa katika karne ya 5, kilipokea wanafunzi hata kutoka Uchina. Baada ya Uislamu kuenea, zilikuwapo maktab na madrasa zilizofundisha Kurani, Kiarabu na Kiajemi.

Fauka ya hayo, palikuwa na shule za kawaida vijijini. William Adam, aliyechunguza elimu ya Bengal na Bihar kati ya mwaka 1835 na 1838, alikadiria kuwa majimbo hayo yalikuwa na shule za vijiji zipatazo 100,000. Hesabu hiyo imebishaniwa na wanahistoria, lakini maelezo yake ya mafunzo yana thamani kubwa. Mtoto alianza kwa kuandika herufi chini ardhini, akapanda hadi jani la mvumo, kisha jani la mgomba, na mwishowe karatasi. Alifundishwa barua, hesabu za shamba na hesabu za duka, yaani mambo yaliyohitajiwa na mkulima na mfanyabiashara.

Haifai, hata hivyo, kuyasifu ya kale kupita kiasi. Elimu ya Veda ilikuwa milki ya wachache. Watu wa matabaka yaliyohesabiwa kuwa najisi hawakukaribishwa, na wasichana waliosoma walikuwa wachache sana. Jyotirao Phule na mkewe Savitribai walipofungua shule ya wasichana mjini Pune mwaka 1848, walipingwa vikali na jamii yao wenyewe. Hata B. R. Ambedkar, aliyezaliwa mwaka 1891 na ambaye baadaye aliongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India, alipokuwa mtoto shuleni aliketishwa mbali na wenzake.

Ikumbukwe pia kwamba kupokea lugha ya mtawala hakukuanza na Waingereza. Chini ya wafalme wa Mughal, Kiajemi kilikuwa lugha ya serikali, na Wahindu wengi, hasa wa jamii ya Kayastha, walijifunza lugha hiyo ili wapate kazi za uandishi na ukusanyaji wa kodi. Kampuni ya Waingereza ilipotwaa madaraka, kwanza ilifuata desturi hiyo: madrasa ya Calcutta ilianzishwa mwaka 1781, na chuo cha Kisanskriti cha Benares mwaka 1791. Mwaka 1813 Bunge la Uingereza liliamuru rupia 100,000 zitengwe kila mwaka kwa elimu. Hapo ndipo ulipozuka mjadala: fedha hizo zitumike kwa lugha ipi? Si Waingereza tu waliotaka mabadiliko. Mwaka 1823 Rammohun Roy aliiandikia serikali kupinga chuo kipya cha Kisanskriti, akitaka sayansi za Ulaya zifundishwe.

Mwaka 1835 Macaulay alishinda. Shabaha yake ilikuwa kuunda tabaka dogo la wakalimani kati ya mtawala na mtawaliwa. Mwaka 1837 Kiajemi kiliondolewa katika nafasi yake mahakamani, na mwaka 1844 serikali ikatangaza kwamba waliosoma Kiingereza wangepewa kipaumbele katika ajira. Tangazo hilo lilifanya kazi kuliko hotuba zote. Vyuo vikuu vya Calcutta, Bombay na Madras vilianzishwa mwaka 1857, na digrii ikageuka kuwa cheti cha kuombea kazi. Lakini ngazi hiyo haikufika juu: mtihani wa utumishi wa juu serikalini ulifanywa London tu hadi mwaka 1922. Aliyesoma alihimizwa kupanda, kisha akazuiwa mlangoni. Na wengi wa waliozuiwa hivyo ndio waliokuja kudai uhuru.

Wazalendo walijaribu njia nyingine. Rabindranath Tagore alianzisha shule yake Santiniketan mwaka 1901, watoto wakisomea chini ya miti. Mwaka 1937, huko Wardha, Gandhi alipendekeza elimu ya msingi ifundishwe kwa lugha ya mama na kujengwa juu ya kazi za mikono. Lakini wazazi wengi waliona kwamba gurudumu la kusokotea pamba halikumpa mtoto cheo.

Sensa ya mwaka 1951, miaka minne baada ya uhuru, ilionyesha kuwa waliojua kusoma walikuwa takriban 18 kwa mia. Mwaka huo huo chuo cha kwanza cha teknolojia cha taifa kilifunguliwa Kharagpur, katika majengo ya Hijli yaliyokuwa kizuizi cha wapigania uhuru. Kufikia sensa ya mwaka 2011 idadi ya wasomi wa kusoma na kuandika ilikuwa imefika 74 kwa mia, na sheria ya mwaka 2009 ilikwisha kuwapa watoto wa miaka 6 hadi 14 haki ya elimu bila malipo. Uhandisi, udaktari na kazi za kompyuta zimechukua nafasi ya ukarani katika ndoto za wazazi. Katika mji wa Kota, Rajasthan, vijana wengi hukesha wakijiandaa kwa mitihani ya kuingia vyuoni, na baadhi yao wamejiua kwa uzito wa matumaini ya jamaa zao.

Sera ya mwaka 2020 yapendekeza watoto wafundishwe kwa lugha ya mama angalau hadi darasa la tano, kila inapowezekana. Ni shauri jema. Lakini historia iliyosimuliwa hapa yatoa onyo. Kiajemi hakikushindwa kwa hoja za Macaulay peke yake. Kilishindwa pale ajira ilipohama. Kadhalika, lugha ya mama haitapata heshima kwa kufundishwa darasani tu, ikiwa mlango wa kazi unafunguliwa kwa lugha nyingine. Somo hilo lawahusu pia wale wanaokitetea Kiswahili: mkono mtupu haulambwi.